Mfinyanzi Aliyehama na Moshi Wake

Nilipohamia Ifakara nikiwa mke mpya, mtu wa kwanza kubisha hodi kwetu alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye udongo mikononi hadi kwenye viwiko. Hakuja kunikaribisha mtaani. Alisimama nje ya mlango akaniuliza kama nimeanika nguo, kama ndani kuna mgonjwa, na kama ningeona vibaya yeye akichoma vyungu vyake alasiri ile.

Nilidhani ananitania. Mimi natoka upande wa Mahenge, na kwetu mtu akitaka kuwasha moto uani kwake anawasha. Nikamwambia awashe tu.

"Sikukuuliza ili uniambie washa tu," alisema. "Nenda nyuma ukaangalie kamba yako ya nguo, kisha unijibu."

Nikaenda. Mashati ya mume wangu yalikuwa bado yanachuruzika maji. Niliporudi nikamwambia hivyo, akatikisa kichwa, akasema atangoja yakauke. Akangoja kweli. Jua lilikuwa limeshuka sana nilipoona moshi wa kwanza ukipanda uani kwake.

Huyo ndiye mfinyanzi. Mtaa mzima tulimwita hivyo, na watoto walimwita Bibi Mfinyanzi. Jina lake la ubatizo nililisikia kanisani tu, na sioni sababu ya kulitaja hapa, maana hata yeye ukimwita kwa jina hilo alichelewa kugeuka.

Hakuwa mtu mwepesi kupendeka. Alikuwa na sauti nzito kama ya mwanamume, na hakuwa na subira na watu wanaozunguka. Ukianza kumweleza jambo kwa kupitia kwa shangazi yako na kwa mbuzi wa jirani, alikutazama mpaka umalize, halafu akasema, "Sijasikia jibu." Alisema hivyo kwa watoto, kwa wanunuzi, na mara moja alimwambia katekista baada ya mafundisho ya Jumapili. Katekista alinuna mpaka Kwaresima. Mfinyanzi hakujua kama mtu amenuna. Alimpelekea mtungi mpya wa maji ya baraka kama kawaida, akamlaumu kwamba ule wa zamani ameuacha juani.

Mambo yake mengi hayakulingana. Alichukia moshi wa watu wengine, naye alinusa ugoro mpaka kanga yake ikawa na doa la kahawia kifuani. Aliwafukuza watoto uani kwa fimbo, lakini sufuria yake ya uji ilikuwa kubwa kuliko mahitaji ya mtu anayeishi peke yake, na kila asubuhi ilikuwa tupu. Chungu kikitoka motoni na ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, alikivunja palepale mbele ya mteja. Lakini nyumbani kwake alipikia kwenye chungu chenye ufa alichokiziba kwa majivu na ute wa mlenda. Nilipomwuliza, alisema chungu kile anakijua na kinamjua.

Na mtu huyu ambaye hakumwogopa yeyote aliogopa mtumbwi. Alizaliwa karibu na maji, akafinyanga udongo wa mtoni maisha yake yote, lakini hakuwahi kuvuka kwenda Lupiro. Walipomwomba apeleke vyungu vyake ng'ambo, alisema watu wa Lupiro wana miguu, waje.

Mtaa wetu ulikuwa nyuma ya mashine ya mpunga. Ndivyo ulivyoitwa, mtaa wa nyuma ya mashine, hata na watu waliozaliwa hapo kabla mashine haijaja. Mwenye mashine aliijenga upande wa mtoni, na kiangazi upepo hutoka mtoni. Kwa hiyo kila kilichotoka kwenye mashine kilikuja kwetu. Kulikuwa na moshi wa boila, uliotoka kwenye bomba fupi lililozidi mapaa yetu kidogo tu. Kulikuwa na vumbi la pumba, lililowasha shingoni na kuingia machoni. Na kulikuwa na rundo.

Rundo la pumba lilikaa nyuma ya ukuta wa mashine, kubwa kama kilima, na lilitiwa moto ili kupata nafasi ya pumba nyingine. Pumba za mpunga haziwaki kama nyasi. Zinaungua polepole kwa ndani, wiki baada ya wiki, na kutoa moshi mzito unaotambaa chini kama ng'ombe anayetafuta malisho. Ukiamka asubuhi, majivu yapo kwenye maji ya kunywa. Ukianika mboga, zinakuwa nyeusi. Watoto waliovaa nguo nyeupe za Komunyo ya kwanza tuliwafunika mashuka kutoka mtaani mpaka kanisani, tukaenda nao kama watu wanaoficha mali ya wizi.

Upande wa maduka, walikokaa wenye maduka, makarani na mwenye mashine mwenyewe na familia yake, moshi haukufika ila siku upepo ulipogeuka. Siku hizo walifunga madirisha na kusema leo hali ya hewa ni mbaya.

Nisidanganye, hatukuichukia mashine. Kabla yake wanawake walitwanga mpunga tangu alfajiri mpaka mikono ikafa ganzi. Mashine ilileta malori, ikaleta vibarua, ikaleta sabuni na sukari madukani. Mume wangu alikuwa mchochea moto wa boila. Nguo niliyovaa na kitanda nilicholalia vilitoka kwenye moshi ule ule. Ndiyo maana watu walikohoa na kunyamaza.

Binti yetu, Agata, alizaliwa wakati wa masika, na alikuwa mtoto mzuri wa kunenepa. Kiangazi kilipofika, mashine ikaanza kazi ya msimu, akaanza kukohoa. Mwanzoni niliona ni mafua. Kisha kifua kikawa kinalia kama mlango wenye kutu, na mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nilimbeba mpaka hospitali ya misheni. Walimlaza, wakampa dawa, akapata nafuu. Mtawa aliyemhudumia alinishika bega siku ya kuondoka, akaniambia kwa upole kwamba dawa peke yake haitatosha, mtoto huyu anahitaji hewa safi, nimpeleke mbali na moshi.

Nilipopita mbele ya nyumba ya mfinyanzi alikuwa amekaa chini anasugua mtungi kwa jiwe laini. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Agata. Wamesemaje?"

Nikamweleza moja kwa moja, maana nilishamzoea.

"Amesema umpeleke wapi?"

"Hakusema."

"Na baba yake akafanye kazi wapi?"

"Sijui, mama."

Aliendelea kusugua. Kisha akaliweka jiwe chini. "Kuna vitu viwili vinavyoweza kuhama," alisema. "Mtoto na moshi. Mbona kila mtu anaanza na mtoto?"

Akanyanyuka, akanawa mikono, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara, akajifunga kanga safi. "Twende tukamwulize."

"Nani?"

"Mwenye moshi."

Mwenye mashine alikuwa mtu mnene, mtaratibu, aliyezaliwa Kilosa na aliyezungumza Kiswahili kama sisi. Hakuwa mtu katili. Msibani alituma mchele, na mgonjwa wa mtaani alipohitaji lori kwenda mbali, lori lake lilitoka. Alitupokea kwenye baraza la ofisi yake, akaniona na mtoto mgongoni, akaagiza tuletewe viti.

"Mimi nikichoma vyungu," mfinyanzi alimwambia, "nauliza kwanza. Wewe unachoma kila siku na hujawahi kutuuliza. Nimekuja kujua kwa nini."

Mwenye mashine alitabasamu. Akaeleza kwamba mashine si jiko la vyungu, kwamba bila moto hakuna kazi, kwamba pumba hazina pa kwenda. Alieleza kwa muda mrefu na kwa adabu. Kisha akamwita karani, akaagiza kila mmoja wetu apewe mchele mfuko mdogo, na akatutakia safari njema.

Tulirudi na mchele kichwani. Niliona aibu, nikamwuliza mfinyanzi kama hatukupaswa kuukataa.

"Mchele una kosa gani?" alisema. Siku hiyo aliupika wote, akawaita watoto wa mtaa mzima.

Kesho yake alirudi ofisini peke yake. Karani ndiye aliyetusimulia baadaye. Mfinyanzi alisimama pale pale pa jana, akasema, "Jana nilikuja na swali nikapewa mchele. Mchele tumeula, asante. Swali bado ninalo." Alirudi tena keshokutwa, na siku zilizofuata, mpaka mlinzi akaambiwa asimfungulie lango. Hakupiga kelele langoni. Aliamkiana na mlinzi, wakaulizana habari za wagonjwa, akarudi kwenye udongo wake.

Sasa likatokea jambo ambalo hatukulitegemea. Siku moja upepo uligeuka, na moshi ukaenda upande wa maduka, na mtu wa huko, sikuwahi kujua nani, akapeleka malalamiko kwamba watu wa mtaa wa nyuma ya mashine wanachoma choma ovyo. Bwana Afya akaja na baiskeli yake na kofia yake. Alipita kwenye rundo la pumba linalofuka, akaingia mtaani kwetu, akasimama kwa mfinyanzi. Mbele yetu sote akamwambia kwamba kuanzia siku ile ni marufuku kuchoma vyungu ndani ya mji, kwa sababu moshi ni hatari kwa afya za watu.

Uani tulikuwa wanawake wengi, na kila mmoja alitazama rundo. Mimi nilingoja mfinyanzi afoke. Nilimjua, na nilidhani leo Bwana Afya atarudi na kofia yake mkononi.

"Moshi ni hatari kwa afya za watu," mfinyanzi alirudia polepole.

"Ndiyo, mama."

"Moshi wowote?"

Bwana Afya alikuwa kijana bado, na alikuwa na uso mzuri. Alisita. "Moshi wowote," alisema.

"Nimesikia jibu," alisema mfinyanzi. "Nitahama nao."

Na akahama nao. Alitafuta mahali nje ya mji, kupita makaburi, ambako hakuna nyumba na upepo unakwenda zake kwenye mbuga. Hapo akachimba shimo lake la kuchomea. Kwa mwanamke wa umri wake, kubeba vyungu vibichi mpaka kule bila kuvunja ilikuwa adhabu, na tulimwambia hivyo. Tulimbebea kwa zamu, tukienda kwa mstari na vyungu kichwani, yeye mbele akilalamika magoti. Baadhi yetu tulikasirika. Jirani mmoja alimwambia wazi kwamba amekubali kuonewa. Yeye alisema ngojeni baraza.

Baraza lilifanyika mbele ya jumbe, mahali pa wazi karibu na soko. Walikuja wazee, wakulima kutoka vijiji vya jirani, na Bwana Afya, na mwenye mashine naye alikaa kwenye kiti mbele, maana siku hiyo kulikuwa na maneno ya barabara na ya malori. Wanawake tulikaa nyuma. Kwa kawaida hatukusema.

Maneno ya barabara yalipokwisha, jumbe akauliza kama kuna mwenye shauri. Mfinyanzi akasimama.

"Mimi ni mfinyanzi," alisema, kana kwamba kuna asiyemjua. "Nimekuja kutoa taarifa. Bwana Afya aliniambia moshi wowote ni hatari kwa watu, nisichome mjini. Nimetii. Shimo langu sasa liko nje ya makaburi, mnaweza kwenda kuliona. Mimi nimehama na moshi wangu. Sasa naomba na mwenzangu ahame na wake."

Akakaa. Watu hawakumtazama yeye, walimtazama Bwana Afya, na Bwana Afya aliitazama kofia yake. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyeshitakiwa. Amri ilikuwa ile ile, na yule aliyeamriwa alikuwa ameshaitimiza.

Mwenye mashine alisema suala hili linahitaji kufikiriwa. Akasema tena kwamba hakuna ushahidi kwamba pumba zinamdhuru mtu, watoto hukohoa kila mahali. Jumbe alikuwa anataka kuahirisha. Ndipo mume wangu aliposimama.

Sikujua kama angesimama. Alikuwa mtu mkimya, na alikuwa bado amevaa kaptula yake ya kazini, nyeusi kwa masizi. "Mimi ndiye ninayechochea moto," alisema. "Na mtoto anayekohoa ni wangu." Akakaa.

Kesho yake alipofika kazini aliambiwa arudi nyumbani.

Yale majuma yaliyofuata nayakumbuka kwa woga na kwa furaha, vyote pamoja. Woga, kwa sababu tulikuwa na mtoto mgonjwa na hatukuwa na kazi. Mfinyanzi hakutupa pole. Alimchukua mume wangu kuchimba udongo naye mtoni, akamlipa kwa vyungu, na vyungu nikaviuza sokoni. Mume wangu alisema mgongo wake haujawahi kuuma namna ile kwenye boila, lakini kwa mara ya kwanza alikula chakula cha mchana akiwa anaona mbingu.

Furaha ilitoka kwenye vinu. Asubuhi moja nilisikia mwichi ukigonga nyumba ya pili, kisha nyumba ya mbele. Hakuna aliyetangaza lolote. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa wametoa vinu vya mababu nje, vingine vilikuwa vimefanywa viota vya kuku, wakavisafisha, wakaanza kutwanga mpunga wao wenyewe. Jioni mtaa mzima uligonga. Kisha mtaa wa pili ukaanza. Mfinyanzi, ambaye hakuwa na shamba wala mpunga, alizunguka akiwasaidia wenye watoto wadogo, na alikuwa mtwangaji mbaya sana. Chenga zilizidi mchele. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Wengine walikwenda kivukoni kuongea na watu waliovusha mpunga kutoka Lupiro. Walikaa nao, wakawaonyesha watoto wao. Wapo waliosema shauri hilo si lao, wakaendelea hadi mashine. Wapo waliosema basi watasubiri kidogo, mpunga hauozi. Honi ya mashine iliendelea kulia asubuhi, lakini kuna siku ilinyamaza mapema, na rundo halikuongezeka.

Mwenye mashine alikuja mwenyewe, kwa miguu, bila karani. Ilikuwa mchana wa upepo. Nilikuwa uani kwa mfinyanzi na Agata mapajani. Tulimletea kigoda, na mtu yule mnene akakaa juu yake kwa taabu, magoti yakiwa karibu na kidevu. Moshi wa rundo ulikuwa unapita kati yetu. Alikohoa, akafuta macho kwa leso, akakohoa tena. Agata naye akakohoa. Walitazamana, mtu mzima na mtoto, na mtoto akacheka.

Mfinyanzi alichukua udongo wake, akaendelea kufinyanga.

"Nyumbani kwangu hapafiki hivi," alisema mwenye mashine.

"Najua," alisema mfinyanzi.

"Lile swali lako," alisema mwenye mashine. "Sikulijibu. Sikuuliza kwa sababu sikuona kama kuna wa kuulizwa." Alisema maneno hayo akitazama chini, na nadhani yalimgharimu. "Unataka nini?"

Tulikuwa tumelizungumza jambo hilo mara nyingi kisimani, kwa hiyo jibu lilikuwa tayari. Rundo lihamishwe nje ya mji, kwa mikokoteni. Bomba la moshi liongezwe urefu. Jumapili mashine ipumzike. Na mchochea moto arudishwe kazini.

Alikubali rundo na mchochea moto siku ile ile. Bomba alisema litachukua muda, mabati yanatoka mbali. Jumapili alikataa wakati wa msimu, akakubali miezi mingine. Mfinyanzi alibishana naye kidogo juu ya Jumapili, akaona amefika ukutani, akaacha. Mwenye mashine alipoondoka, kijana mmoja aliyekuwa akichungulia alianza kumwigiza anavyotembea. Mfinyanzi alimkatiza. "Amekuja kwa miguu yake," alisema. "Wangapi huja?"

Mambo hayakuwa kama peponi. Vumbi la pumba liliendelea kuwasha shingo zetu, na bomba jipya lilipowekwa, msimu uliofuata, lilipeleka moshi juu zaidi lakini kuna siku ulishuka. Ila rundo liliondoka. Mikokoteni ilibeba pumba mpaka kupita makaburi, na hapo kila aliyetaka alijichukulia. Wafyatua matofali walizichukua kwa tanuri zao. Mfinyanzi alizichukua kuliko wote, akachomea vyungu vyake, na akatembea mjini akijisifu kwamba sasa mashine inamfanyia kazi bure.

Agata alilazwa mara moja tu kiangazi kilichofuata. Baada ya hapo hakulazwa tena.

Kuna jambo moja lililonishangaza. Bwana Afya alirudi, bila kofia safari hiyo, akamwambia mfinyanzi kwa faragha kwamba kama magoti yanamsumbua anaweza kuchoma vyungu vichache uani kwake, yeye hataona. Mfinyanzi alikataa. Alikuwa anachechemea wakati huo, na njia ya makaburini ilikuwa imekuwa ndefu kwake kuliko ilivyokuwa. Nilimwambia anajiumiza bure.

"Nilisimama mbele za watu nikasema nimehama," alinijibu. "Nikirudi mimi, na mwenye mashine atarudi. Tena nimepazoea. Kule hakuna mtu wa kunisemesha."

Alikuwa anasema uongo. Hapakuwa na siku aliyochoma vyungu kule bila wanawake kumzunguka. Wengine walikuja na maneno ya waume zao, wengine na maneno ya kisima kilichochimbwa karibu mno na vyoo. Aliwasikiliza akigeuza vyungu kwa mti mrefu, na nilisikia mara nyingi lile neno lake, sijasikia jibu. Wale wa kisima walikwenda kwa jumbe mwishowe. Yeye hakwenda nao. Aliwaambia wanayo midomo.

Sisi tulihama miaka ile ya hamsini ilipokuwa inakaribia mwisho. Mume wangu alipata shamba la mpunga Lupiro, kwa ndugu zake, na alikuwa amechoka na boila. Nilimuaga mfinyanzi nikilia, naye akanipa kaango dogo, akanikemea kwamba nitalivunja kwa kulia. Kwa kuwa hakuvuka mto, na mimi nilikuwa na mashamba na watoto wengine wawili, hatukuonana kwa muda.

Mara ya mwisho nilimwona kiangazi. Nilivuka na Agata, ambaye sasa alikuwa anaanza shule, tuje kununua vitambaa vya sare. Niliwasikia watu wa kivukoni wakisema mfinyanzi hawezi kutembea tena, miguu imegoma. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kukuta ugonjwa.

Nilikuta kelele. Fundi alikuwa anapiga ukuta wa nyumba ya mfinyanzi kwa sululu, na udongo ulikuwa unamwagika nje. Yeye alikuwa amekaa mlangoni kwenye mkeka, miguu imefunikwa kanga, akimwelekeza kwa sauti ile ile nzito. Niliangalia mtaa. Nyumba zetu zote za zamani hazikuwa na madirisha upande wa mtoni. Waliozijenga waliacha matundu madogo juu, chini ya paa, na hayo nayo tuliyaziba kwa matambara kuzuia moshi. Sasa kila ukuta ulikuwa na dirisha. Mengine yalikuwa na fremu na vibao, mengine yalikuwa tundu tu lililopakwa udongo mbichi kando kando, na katika moja mwanamke nisiyemjua alikuwa ameegemea viwiko anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo? Mama Agata?" Macho yake yalikuwa yamefifia, alinitambua kwa sauti. "Umekuja wakati mzuri. Huyu mtu ananipasulia dirisha la mtu aliyesimama. Mimi sisimami."

Fundi alijitetea kwamba madirisha yote huwekwa urefu ule. Amekwisha kuyatoboa mengi mtaani, hakuna aliyelalamika.

"Ingia ndani," mfinyanzi aliniambia. "Lala kitandani kwangu. Useme unaona nini."

"Mama, nina vumbi la safari."

"Na kitanda kina vumbi la ukuta. Lala."

Nikaingia, nikalala kwenye kitanda chake cha kamba. Ndani kulinukia udongo mbichi na ugoro. Kupitia tundu niliona mbingu, na kichwa cha fundi.

"Naona mbingu," nikasema.

"Mbingu nitaiona karibuni bila dirisha. Shusha, fundi."

Akapiga tena. Vipande vya udongo vilianguka miguuni kwangu, na mwanga ukashuka ukutani, ukafika kwenye blanketi. Upepo wa mtoni uliingia, wa baridi kidogo, nikauvuta bila kufikiri.

"Sasa?"

"Naona paa la jirani, na kamba ya nguo. Kuna mashuka."

"Meupe?"

"Meupe, mama."

"Shusha kidogo tena."

Fundi alinong'ona kitu, akapiga. Na hapo barabara yote ikaingia ndani ya chumba. Niliona baiskeli imepakia magunia. Niliona mlinzi wa mashine, ameshazeeka, amesimama anaamkiana na mtu. Wanawake wawili walipita na mitungi kichwani. Agata alikuwa amekutana na wasichana wa umri wake na walikuwa wanashindana mbio mpaka kwenye kona na kurudi, na alirudi wa kwanza, mdomo wazi, akicheka, anahema kama anavyohema mtoto yeyote aliyekimbia.

"Mbona umenyamaza?" mfinyanzi aliuliza kutoka mlangoni. "Unaona nini?"

"Watu," nikasema. "Naona watu wote wanaopita."

Akamgeukia fundi. "Basi hapo hapo," alisema. "Paka udongo."